Fistula ya Njia ya Haja Kubwa: Jinsi Inavyotambuliwa na Kupewa Msimbo Sahihi Hospitalini

Jipu linalotokea kando ya tundu la haja kubwa, likapasuka lenyewe au likapasuliwa na tabibu, kwa kawaida huleta nafuu ndani ya siku moja au mbili. Maumivu hupungua, homa hushuka na mgonjwa hurudi kazini. Kwa baadhi ya wagonjwa, hata hivyo, baada ya wiki au miezi hubaki kitundu kidogo kwenye ngozi ambacho hutoa usaha au majimaji yenye harufu, hufunga kwa siku kadhaa, huvimba tena, kisha hufunguka upya. Hali hiyo ndiyo fistula ya njia ya haja kubwa, ambayo kamusi za Kiswahili huiita nasuri. Ikiwa ni ya aina rahisi, upasuaji mmoja mdogo humaliza tatizo kwa takribani wagonjwa tisa kati ya kumi. Kinachochelewesha tiba mara nyingi ni jina: mgonjwa huiita bawasiri, muuza dawa huitibu kama kidonda cha kawaida, na wakati mwingine hata jalada la hospitali huandikwa jina lisilo lake.

Makala haya yanaeleza hatua anazopitia daktari katika kuitambua fistula rahisi, pamoja na namna afisa kumbukumbu za afya anavyoipatia msimbo wa kimataifa, kwa kuzingatia mazingira ya mikoa ya Mbeya na Iringa. Katika mikoa hiyo mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, hupelekwa hospitali ya wilaya au ile ya shirika la dini iliyo jirani, kama Tosamaganga na Ilula kwa upande wa Iringa au Chimala kwa upande wa Mbarali, na akihitaji zaidi huelekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu ya hizo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia Nyanda za Juu Kusini. Kutoka mjini Iringa hadi jijini Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya TANZAM, umbali ambao mtu mwenye maumivu ya kukaa huukumbuka. Jina la ugonjwa likikosewa mwanzoni mwa safari hiyo, kosa husafiri pamoja na mgonjwa hadi mwisho.

Neno moja, magonjwa tofauti

Nchini Tanzania neno fistula limezoeleka kwa maana ya fistula ya uzazi, yaani tundu linalojitokeza kati ya uke na kibofu cha mkojo, au kati ya uke na puru, kutokana na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada kwa wakati. Kampeni za miaka mingi, zikiwemo zile zinazofanyika kila Mei 23 katika siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, na huduma za hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, zimeifanya jamii iufahamu ugonjwa huo, na hilo ni jambo la kujivunia. Zipo athari za pembeni. Mwanaume anayeambiwa na daktari kuwa ana fistula hupigwa na butwaa, akidhani ametajiwa ugonjwa wa wanawake, na wapo wanaoficha cheti cha rufaa mfukoni badala ya kukifikisha kinakotakiwa.

Kwa maana pana, fistula ni njia isiyo ya kawaida inayounganisha sehemu mbili za mwili ambazo hazipaswi kuunganishwa. Ile inayozungumzwa hapa huunganisha sehemu ya ndani ya njia ya haja kubwa na ngozi ya nje. Huwapata wanaume na wanawake, wanaume wakiwa wengi zaidi, na aghalabu watu wazima walio katika umri wa kufanya kazi. Haihusiani na kuzaa, haitokani na kukaa kwenye kiti cha gari kwa saa nyingi, wala si matokeo ya mwenendo fulani wa maisha ambao mgonjwa anapaswa kuuonea aibu.

Chanzo chake kikuu kipo katika tezi ndogo zilizo ndani ya mfereji wa haja kubwa, kwenye mstari ambapo utando laini wa ndani hukutana na utando unaofanana na ngozi. Tezi hizi hutoa ute. Mlango wa tezi mojawapo ukiziba, vijidudu huzaliana, usaha hukusanyika na kupenya katikati ya misuli inayobana haja, na jipu hutokea. Usaha hutafuta njia ya kutokea kwenye ngozi. Njia hiyo isipofunga, huwa mfereji mwembamba wenye mlango wa ndani kwenye tezi na mlango wa nje kwenye ngozi. Inakadiriwa kuwa kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa wa jipu la eneo hili hupata fistula baadaye. Kwa sababu hiyo, tabibu anayepasua jipu katika kituo cha afya hana budi kumweleza mgonjwa mapema kuwa arudi endapo kitundu kitaendelea kutoa usaha. Dawa za kuua vijidudu hupunguza makali kwa muda tu, kwa kuwa mlango wa ndani hubaki wazi na uchafu huendelea kuingia.

Uchunguzi wa daktari

Hatua ya kwanza ni maelezo ya mgonjwa, na ndipo wengi hukwama. Mtu mzima wa Kihehe au Kisafwa si rahisi kuelezea sehemu hiyo ya mwili mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Atasema "ninasumbuliwa huku chini" au "nina bawasiri", na daktari mwenye foleni ndefu anaweza kuandika neno hilo hilo bila kumchunguza. Maswali machache yaliyoulizwa kwa staha hutenganisha magonjwa haya. Bawasiri kwa kawaida hutoa damu nyekundu bila maumivu makali, na pengine kinyama kinachotokeza wakati wa kujisaidia. Mpasuko wa njia ya haja kubwa huuma kama kisu wakati wa kupata choo na baada yake. Fistula ina historia ya jipu, usaha unaochafua nguo ya ndani, na maumivu yanayopanda kitundu kinapoziba na kushuka kinapofunguka. Historia ya jipu ndiyo swali ambalo halipaswi kuachwa.

Hatua ya pili ni kutazama. Mgonjwa hulazwa ubavu au chali miguu ikiwa imeinuliwa, katika chumba chenye pazia, akiwepo msindikizaji wa jinsia yake ikibidi. Mlango wa nje huonekana kama kitundu au kinundu chekundu karibu na tundu la haja kubwa. Daktari hubonyeza taratibu kwa kidole na mara nyingi huhisi mfereji kama uzi mgumu chini ya ngozi ukielekea ndani. Kisha huingiza kidole chenye glavu na mafuta ili kutafuta mlango wa ndani, ambao huhisiwa kama kijishimo au kijivimbe, na kupima nguvu ya misuli. Hufuata kifaa chenye mwanga cha kuangalizia mfereji na sehemu ya chini ya puru. Uchunguzi huu hauhitaji mashine ya gharama kubwa, na hospitali ya wilaya inaweza kuufanya.

Kanuni inayosaidia kubashiri mfereji unakoelekea ilitolewa mwaka 1900 na daktari bingwa wa upasuaji wa Uingereza, David Goodsall. Huchorwa mstari wa kufikirika unaokata tundu la haja kubwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mlango wa nje ukiwa nyuma ya mstari huo, mfereji hupinda na kuingilia katikati kwa upande wa nyuma. Ukiwa mbele, mfereji hunyooka moja kwa moja kuelekea ndani. Kanuni hii hukosea mara kadhaa, hasa pale mlango wa mbele unapokuwa mbali, lakini humpa mpasuaji mahali pa kuanzia.

Hapa lipo jambo la lugha linalostahili kuangaliwa. Madaktari huandika mahali pa kitundu kwa kufuata uso wa saa, mgonjwa akiwa amelala chali: tarakimu 12 iko mbele na tarakimu 6 iko nyuma. Kwa Kiswahili, mshale ukiwa kwenye tarakimu 6 tunasema saa kumi na mbili, na ukiwa kwenye 12 tunasema saa sita. Muuguzi akisomewa "saa sita" kwa mdomo anaweza kuandika upande ulio kinyume kabisa. Dawa yake ni nyepesi: iandikwe tarakimu ya uso wa saa pamoja na neno mbele au nyuma, kushoto au kulia, na umbali kwa sentimita kutoka tundu la haja kubwa.

Mgonjwa mwenye maumivu makali halazimishwi kuchunguzwa akiwa macho. Hupewa dawa ya usingizi au ganzi ya uti wa mgongo na kuchunguzwa katika chumba cha upasuaji, ambako daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma kwenye mfereji kwa upole, au huingiza haidrojeni peroksaidi kutoka nje na kutazama povu litokee wapi ndani. Kijiti kikisukumwa kwa nguvu hutengeneza njia mpya, na fistula iliyokuwa rahisi huwa ngumu kwa mkono wa mtabibu mwenyewe. Vipimo vya MRI na utrasaundi ya ndani ya mfereji huhitajika pale fistula inapokuwa imerudi baada ya upasuaji, ina matawi, au haieleweki. Kwa fistula ya kwanza yenye mlango mmoja, kumpeleka mgonjwa mkoa mwingine kufuata MRI mara nyingi ni kumwongezea nauli tu.

Rahisi maana yake nini

Mwaka 1976 madaktari Parks, Gordon na Hardcastle walichapisha mgawanyo unaotumika hadi leo, unaozigawa fistula kwa kuangalia uhusiano wake na misuli inayobana haja: zinazopita katikati ya misuli miwili, zinazokatiza misuli, zinazopanda juu yake, na zilizo nje yake kabisa. Fistula huhesabiwa kuwa rahisi ikiwa ina mfereji mmoja, inapita chini kiasi kwamba imegusa sehemu ndogo ya msuli, kwa kawaida chini ya theluthi moja, haijawahi kufanyiwa upasuaji, na mgonjwa hana tatizo la kuzuia haja, ugonjwa sugu wa utumbo wala historia ya kutibiwa kwa mionzi. Fistula ya upande wa mbele kwa mwanamke huwekwa katika kundi la ngumu hata ikiwa fupi, kwa sababu msuli wa upande huo ni mwembamba na huenda ulishajeruhiwa wakati wa kujifungua.

Maana ya mgawanyo huu ni moja: ni kiasi gani cha msuli kitakatwa. Fistula rahisi huchanwa ikawa wazi na kuachwa ipone kutoka chini kwenda juu. Fistula ngumu ikichanwa vivyo hivyo, mgonjwa anaweza kupona usaha akabaki hawezi kuzuia choo. Kwa hiyo fistula ngumu hupitishiwa uzi maalumu na mgonjwa hupelekwa kwa bingwa.

Kwa Mbeya na Iringa lipo jambo jingine la kuzingatia kabla ya kuliandika neno rahisi. Utafiti wa Viashiria vya VVU Tanzania wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 4.4. Njombe, iliyo katikati ya mikoa hiyo, iliongoza kwa asilimia 12.7. Kinga ya mwili ikiwa chini, kidonda hupona polepole, na kifua kikuu cha nje ya mapafu hupata nafasi, kikiwemo kile cha njia ya haja kubwa. Fistula ya kifua kikuu inaweza kufanana kabisa na fistula ya kawaida. Dalili za kumshtua daktari ni matundu mengi, majimaji mepesi yasiyo na usaha mzito, kidonda kisichopona baada ya upasuaji uliofanyika vizuri, kupungua uzito, kikohozi na jasho la usiku.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa fistula hushauriwa kupima VVU kwa ridhaa yake, na kipande cha nyama kinachotolewa kwenye mfereji wakati wa upasuaji hupelekwa maabara kuchunguzwa kwa hadubini na, inapowezekana, kwa mashine ya GeneXpert. Kutupa kipande hicho kwenye ndoo ya taka ni kuutupa ushahidi. Ikithibitika ni kifua kikuu, tiba kuu ni dawa za miezi sita zinazotolewa bila malipo chini ya mpango wa taifa, na kisu pekee hakitamponya. Saratani nayo huweza kujificha kwenye fistula ya miaka mingi, ingawa ni nadra.

Kutoka kwenye jalada hadi kwenye msimbo

Mgonjwa akishatambuliwa, maneno ya daktari hugeuzwa kuwa msimbo wa herufi na tarakimu kwa kufuata Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, maarufu kama ICD-10. Uainishaji huo una mizizi katika orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893, na ukawa chini ya Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 1948. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, na nchi zinahamia kwa kasi tofauti. Msimbo huwezesha hospitali ya Mafinga na hospitali ya Tukuyu kuzungumzia ugonjwa mmoja kwa jina moja, hata kama mmoja ameandika nasuri, mwingine fistula na wa tatu ameandika kwa Kiingereza kwa mwandiko usiosomeka.

Fistula za eneo hili zipo chini ya K60. Msimbo K60.3 ni wa fistula ya mfereji wa haja kubwa, K60.4 ni wa fistula ya puru inayofunguka kwenye ngozi, na K60.5 ni wa fistula inayohusisha vyote viwili. Kinachoamua ni mahali ulipo mlango wa ndani, na ndiyo maana daktari aliyeandika tu "fistula" amemwachia afisa kumbukumbu kazi ya kubashiri. Katika mazungumzo ya wodini maneno mfereji wa haja kubwa na puru huchanganywa sana. Fistula nyingi zilizo rahisi zina mlango wa ndani kwenye mstari wa tezi, hivyo ni K60.3, hata kama jalada limeandikwa fistula ya puru. Mlango ukiwa juu zaidi, ndani ya puru yenyewe, ni K60.4, na hapo daktari anapaswa kujiuliza mara mbili kabla ya kuiita rahisi, kwa kuwa fistula ya namna hiyo mara nyingi hupita juu ya misuli au ina chanzo kingine tumboni. Afisa kumbukumbu anayekutana na maneno "fistula rahisi ya puru" hatakiwi kulisahihisha jalada kwa kichwa chake. Anatakiwa kunyanyua simu, au kupeleka jalada, na kumuuliza aliyeandika.

Ipo kanuni ambayo husahaulika. Kundi la K60 haliwahusu wagonjwa ambao siku hiyo wana jipu. Hao huingia K61, iwe wana fistula au hawana. Chukua mfano wa dereva wa lori anayefika hospitalini mjini Iringa akiwa na uvimbe wenye usaha na homa. Anapasuliwa jipu, na msimbo wake ni K61.0. Miezi miwili baadaye anarudi akiwa hana jipu, ana kitundu kimoja kinachotoa usaha na mlango wa ndani umeonekana: sasa ni K60.3. Kama kipande cha nyama kitaonyesha kifua kikuu, msimbo hubadilika kuwa A18.3, wenye alama ya jambia, ukifuatana na K93.0 wenye kinyota, ili ijulikane chanzo na mahali kilipodhihirika. Akiwa na VVU na kifua kikuu kimetokana na hali hiyo, hutumika B20.0. Mtu huyo mmoja, kwa ugonjwa unaoonekana ni ule ule, anaweza kupewa misimbo mitatu tofauti kwa nyakati tatu, na yote ikawa sahihi.

Makosa makubwa zaidi hutokea pembeni mwa K60. Tundu kati ya puru na uke ni N82.3, na tundu kati ya puru na kibofu ni N32.1. Mtoto aliyezaliwa na fistula ya eneo hilo huandikiwa Q43.6. Bawasiri ni K64 tangu marekebisho ya mwaka 2010, ingawa vitabu vya zamani vilivyochapishwa bado vinaonyesha I84, na vitabu hivyo havijaisha kwenye rafu. Mwanamke wa Mbarali mwenye fistula ya kawaida ya mfereji akiandikiwa N82.3, ataingia kwenye takwimu za madhara ya uzazi na huenda akapangiwa kliniki isiyo yake; mwenye N82.3 ya kweli akiandikiwa K60.3, anatoweka kwenye hesabu zinazotumika kupanga wakunga na vyumba vya upasuaji wa dharura. Na kama uchunguzi haujakamilika, ICD-10 inaruhusu kuandika dalili, kwa mfano K62.5 kwa damu itokayo njia ya haja kubwa, badala ya kubuni ugonjwa ili safu isibaki wazi.

Jambo la kushangaza kwa wengi ni kwamba neno rahisi halimo kabisa katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. K60.3 ni ile ile kwa mfereji wa sentimita 2 na kwa ule wenye matawi manne. Marekani, yenye toleo lake, iliongeza tarakimu kuanzia Oktoba 1, 2024, ili kutofautisha rahisi na ngumu, na mpya na iliyobaki au iliyorudi. Huko fistula rahisi ya puru inayotibiwa kwa mara ya kwanza ni K60.411. Misimbo hiyo hupatikana kirahisi kwenye intaneti na ni kishawishi kwa mtu anayetafuta jibu la haraka, lakini ni ya toleo la Marekani na haimo katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo hapa nchini urahisi wa fistula unapaswa kubaki ndani ya sentensi ya daktari. Sentensi ya namna hii inatosha: fistula ya mfereji wa haja kubwa, rahisi, ya kwanza, mlango wa nje tarakimu 7, nyuma kulia, sentimita 2, mlango wa ndani tarakimu 6, chini ya theluthi ya msuli, hakuna jipu, nyama imepelekwa maabara. Hakuna mfumo wa kompyuta utakaoweza kuzirejesha taarifa hizo zisipoandikwa siku hiyo.

Taarifa za vituo vya umma hupitia mfumo wa GoTHOMIS ngazi ya kituo na MTUHA ngazi ya taifa, ambako fomu ya jumla ya mwezi haina mstari kwa kila msimbo. Fistula ya njia ya haja kubwa humezwa na makundi mapana. Hospitali inayotaka kujua imewafanyia upasuaji wagonjwa wangapi, na wangapi wamerudi, italazimika kurejea kwenye misimbo na majalada yake yenyewe.

Msimbo una uzito pia katika malipo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hupokea madai yenye msimbo wa ugonjwa na huduma iliyotolewa, na viwili hivyo vikipingana dai huweza kurudishwa: upasuaji wa fistula uliowekwa chini ya msimbo wa bawasiri ni mfano ulio wazi. Kwa mgonjwa, dai lililorudishwa huweza kumaanisha kuitwa tena dirishani. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unaongeza idadi ya wanaotibiwa kwa bima, hivyo na idadi ya fomu zinazotegemea usahihi huo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jina la ugonjwa huu halisomwi kwa sauti kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa wa fistula rahisi aghalabu huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kidonda huachwa wazi kwa makusudi, jambo linalowatia hofu wengi waliozoea nyuzi. Hukalia maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya haja, kisha hujikausha na kuweka kitambaa safi. Hula mboga, matunda na maharage, na kunywa maji ya kutosha ili choo kiwe laini. Kupona huchukua wiki nne hadi nane, na kwa mtu mwenye kisukari au kinga dhaifu huweza kuzidi. Kwa mkulima wa Ismani msimu wa palizi ukiwa umefika, muda huo ni mrefu, na ni vyema daktari akauzungumza kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji.

Mgonjwa anapaswa kurudi hospitalini mapema akipata homa, damu isiyokoma, uvimbe mpya, kushindwa kukojoa au choo kinachotoka bila kuhisi. Akiwa hana lolote kati ya hayo, hurudi kwa ukaguzi baada ya wiki mbili akiwa na majibu ya maabara ya kile kipande cha nyama, na siku hiyo ndipo msimbo wa mwisho huthibitishwa au kubadilishwa kwenye jalada lake.